Llueve, Mvua Inanyesha, It Is Raining: Viwakilishi vya Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kihispania

Ndugu walimu, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kunisikiliza.

Wengi wenu mnafundisha Kiingereza kwa njia ya intaneti. Magharibi ikiingia mnawasha kompyuta, mnakutana na mtu wa Bogotá, wa Lima, wa Madrid. Majuzi mmoja wenu alinipigia simu kulalamika. Mwanafunzi wake ni mhandisi, mtu aliyesoma, lakini kila siku anamwandikia "Is raining". Amemsahihisha mpaka kalamu nyekundu imekauka. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni mzembe au ananidharau?"

Si mzembe, wala hakudharau. Na katika walimu wote wa Kiingereza duniani, sisi tuliolelewa na Kiswahili ndio tungekuwa wa kwanza kumwelewa.

Chukueni neno "ninasema". Aliyesikia ile ni- ya mwanzo ameshajua anayesema ni nani, hana haja ya kuongezewa "mimi". Kihispania kinafanya vilevile, ila sisi nafsi tunaitia mbele ya kitenzi, wao wanaitia mwishoni. Hablo ni ninasema, hablas unasema, habla anasema, hablamos tunasema, hablan wanasema. Ile -o ndiyo ni- yetu, ile -amos ndiyo tu- yetu. Kiwakilishi yo, yaani mimi, kipo, lakini kinaitwa pale kinapotakiwa tu.

Sasa geukeni Kiingereza: speak, speak, speaks, speak, speak. Imebaki -s moja tu, imesimama peke yake kama mnazi uliosalia shambani. Zamani haikuwa hivyo. Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na miishio yake, ikaenda ikimomonyoka karne hadi karne, na kazi ya kumtaja mtenda ikaangukia kwa I, you, he, she, we na they. Ukikiondoa kiwakilishi hapo, sentensi haina mwenyewe.

Mwaka 1985 Lydia White, mtaalamu wa isimu wa Kanada, alilinganisha watu wazima waliokuwa wakijifunza Kiingereza, baadhi lugha yao ya kwanza Kihispania, wengine Kifaransa. Wale wa Kihispania walikubali zaidi sentensi za Kiingereza zisizo na kiima. Mfaransa kwao amezoea kutia kiwakilishi, hivyo hapo haumii sana. Kosa la mhandisi wetu limetoka nyumbani kwao.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi ya sarufi, nalo walimu hulipita. Sikilizeni: "Mimi nilikwenda sokoni, mimi nikanunua samaki, mimi nikarudi, mimi nikapika." Mnacheka! Mtu huyu mtamwitaje? Mwenye kujigamba. Au anagombana na mtu ambaye hatumwoni. Kwetu "mimi" hutiwa kwa kusisitiza au kulinganisha: mimi nilipika, yeye alilala. Yo ya Kihispania ndivyo ilivyo. Basi mnapomlazimisha mwanafunzi aseme I went, I bought, I came back, masikioni mwake mnamfundisha kujitapa. Mwambieni waziwazi kwamba I ya Kiingereza haina uzito huo, ni nyepesi kama ni- yetu. Mwingereza akitaka kusisitiza, hukaza sauti.

Hao I na he si wagumu sana lakini. Wiki chache za mazoezi, mwanafunzi amewazoea. Mgumu ni it.

Fikirini mvua. Sisi tunasema mvua inanyesha. Mvua yenyewe ndiyo mtenda. Mhispania anasema llueve, neno moja, hakuna mtenda wala hatafutwi. Mwingereza naye hana mtenda, ila hawezi kuvumilia kiti kitupu, kwa hiyo anamkalisha it pale. It ni nani? Si mtu, si kitu, si wingu. Ni mgeni asiye na jina aliyewekwa ili nafasi isikae wazi. Mwanafunzi akiuliza, "Teacher, what is it?" msihangaike kumtafutia maana. Hana maana, ana kazi tu.

Na hapa sisi tusijione bora. "Ni muhimu kusoma." It iko wapi? Haipo. Kihispania ni "Es importante estudiar", nayo haipo. Ndiyo sababu mtoto wetu wa darasa la sita na yule mhandisi wanaandika sentensi ileile: "Is important to study." Hata saa. Sisi "ni saa tatu", wao "son las nueve", Mwingereza "it is nine o'clock". Hiyo tatu na tisa ni ugomvi mwingine, tuuache.

Mhispania ana mtego wa ziada: es yake na is ya Kiingereza zinasikika kama mtu na ndugu yake. Tena mwisho wa silabi yeye hajazoea kukutana na konsonanti mbili kama ts, hivyo hata akikusudia it's, mdomoni hutoka is. Kabla hamjamhukumu, mwambieni aandike. Akiandika it's, kosa ni la ulimi, si la sarufi, na dawa yake ni nyingine.

Mahali pa pili pa kuangalia ni katikati ya sentensi. "My sister lives in Lima and works in a bank" ni sawa kabisa. Baada ya and, kiima kimoja kinatosha vitenzi viwili. Mwanafunzi akishaona hivyo, anaandika "She is tired because works a lot". Hapana. Baada ya because, when, if, na that, kiima hurudi upya. Hili mlifundishe mapema, maana kitabu kinachosema tu "Kiingereza lazima kiwe na kiima" humwacha mwanafunzi akishangaa mbona baada ya and hakipo.

Hay yao, ambayo ni kuna yetu, nitaigusa tu. Wengine huitafsiri "Have many people". Wafundisheni there is na there are kama vipande vizima.

Msidhani pia Kihispania ni kimoja. Karibiani wengi humeza s ya mwisho, hablas na habla zikasikika sawa, na huko viwakilishi hutumika zaidi kuliko Madrid. Jamhuri ya Dominika mtasikia hata "ello llueve": nao wamemtafutia mvua mtu wa kukalia kiti! Mwanafunzi wa huko, mwanzieni hapohapo.

Nimalizie kwa aibu yangu. Yeye ya Kiswahili haijali mume wala mke, Mhispania ana él na ella tangu utotoni. Siku moja namsomesha mama mmoja wa Lima, nimemkazania it kwa nusu saa nzima, nikaanza kumsimulia habari za nyumbani: "My mother is a farmer. He wakes up at five." Yule mama akanyanyua kidole taratibu. "Teacher," akasema, "she."

Haya, mikono naiona. Tuanze na yule dada wa nyuma.