Kuzunguka Dunia Upate Kadi ya Dhahabu: Piga Hesabu Kabla Hujalipa

Assalaam alaikum jamaa zangu wa Lamu, wa Mkomani na wa Langoni, na nyinyi wa Malindi, kuanzia Barani mpaka Maweni. Nawasemesha kutoka Amsterdam. Mabaharia, wafanyabiashara wa Guangzhou na Istanbul, na wazazi wenye watoto ng'ambo mmeniuliza sana: mtu anaweza kuizunguka dunia mara moja akarudi na kadi ya dhahabu ya shirika la ndege? Anaweza. Lakini kadi hiyo hutafutwa mezani, kwa kalamu na karatasi, kabla pesa haijatoka. Tiketi ikishalipwa, mengi yameshaamuliwa.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Mashirika ya ndege yamejikusanya kwenye miungano mitatu mikubwa: Star Alliance, SkyTeam na oneworld. Kwenye Star Alliance, mwenye hadhi ya Gold huongezewa kilo 20 pale wanapopima kwa kilo, au begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi. Anaingia ukumbi wa mapumziko hata tiketi yake ikiwa ya daraja la kawaida, na ana foleni yake. SkyTeam hadhi inayolingana na hiyo wanaiita Elite Plus, na oneworld wanaiita Sapphire. Kwa mtu wa pwani anayerudi na zawadi za ukoo mzima, mzigo wa ziada ndio wenye faida. Mengine ni starehe tu.

Sasa, Nairobi hutua miungano yote mitatu. Kenya Airways, KLM na Air France ni SkyTeam. Ethiopian na Turkish ni Star Alliance, na Turkish hutua Mombasa pia. Qatar Airways na British Airways ni oneworld. Chagua muungano mmoja, kisha ndani yake chagua klabu moja, yaani mpango wa shirika unaokuandikia pointi kila ukisafiri, kwa sababu safari moja huandikwa kwenye klabu moja tu. Kenya Airways ina klabu yake, Asante Rewards. Ukiiandika safari ya KQ huko, basi usiitarajie kwenye Flying Blue ya Air France na KLM. Anayetawanya pointi zake klabu tatu hana hadhi popote.

Tiketi yenyewe ya kuzunguka dunia ina sheria zake. Ile ya oneworld inayoitwa Explorer huuzwa kwa idadi ya mabara, matatu hadi sita, na haizidi vipande 16 vya safari, yaani kila ndege unayopanda ni kipande kimoja. Kila bara unaruhusiwa vipande 4, isipokuwa Amerika Kaskazini, huko ni 6. Ukienda kwa basi au treni kati ya miji miwili, kipande hicho nacho kinahesabiwa. Ile ya Star Alliance huuzwa kwa umbali: maili 29,000, 34,000 au 39,000, na vituo 2 hadi 15. Zote mbili lazima uvuke Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, uelekee upande mmoja, safari ichukue si chini ya siku 10 wala isizidi mwaka, na umalizie nchi ile ile uliyoanzia. Kituo maana yake umekaa zaidi ya saa 24. Chini ya hapo unahesabiwa kuwa unaunganisha ndege.

Bei hutegemea nchi unayoanzia, na hapa watu wa kwetu hupoteza pesa bila kujua. Kwa hesabu ya oneworld, Misri haimo barani Afrika. Wameiweka kundi moja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Ukianzia Nairobi, Afrika inahesabiwa kama bara, na unajikuta kwenye tiketi ya mabara manne. Ukianzia Cairo unaweza kupita kwa matatu. Linganisha bei zote mbili, na usisahau kuweka ndani gharama ya kufika Cairo na kurudi.

Haya, tuje kwenye maili. Chukueni njia hii: Nairobi, Doha, Hong Kong, Tokyo, Los Angeles, New York, London, Nairobi. Ukiipima kwenye tovuti ya Great Circle Mapper utapata kama maili 23,500. Tuseme pointi unazipeleka AAdvantage, klabu ya American Airlines ambao nao ni oneworld, na herufi ya tiketi yako ya daraja la biashara inalipa asilimia 125 ya umbali. Utapata kama 29,400. Hadhi yao ya Gold, ambayo ni ya chini kabisa, inataka 40,000, na Platinum inayokupa Sapphire inataka 75,000. Umezunguka dunia nzima, tena daraja la biashara, na hujagusa hata ngazi ya kwanza! Ongeza Sydney kati ya Tokyo na Los Angeles, njia inafika maili 30,300 hivi, pointi kama 37,900. Bado. Na sasa umeongeza bara jingine kwenye bei. Ndiyo maana wanaoitumia tiketi hii kutafuta hadhi huvijaza vile vipande 16 vyote, na huchagua vipande virefu.

Nimetaja herufi. Tizameni hii risiti ya tiketi nimeileta karibu na kamera. Kwenye mstari wa ndege kuna namba ya ndege, na kando yake herufi moja peke yake. Herufi hiyo ndiyo inayoamua unalipwa pointi ngapi. Maneno "daraja la kawaida" hayatoshi, kwa sababu daraja moja lina herufi nyingi, na zile za bei ya chini baadhi ya klabu hazizilipi hata pointi moja. Tiketi ya Explorer huandikwa L kwa daraja la kawaida, D kwa biashara na A kwa daraja la kwanza. Chini ya mstari huo huo tafuta jina la shirika linaloirusha ndege. Mara nyingi ndege ya shirika moja huuzwa kwa namba ya shirika jingine, na klabu nyingi zina jedwali tofauti kwa kila hali. Halafu kuna namba ya tiketi, tarakimu 13. Tatu za kwanza ni shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM, 057 ni Air France, 157 ni Qatar. Iandike mahali, tutaihitaji.

Mimi kwa mtu wa Lamu au Malindi napendelea hesabu ya Flying Blue, kwa sababu haipimi maili moja moja. Inalipa kwa kila kipande, kulingana na kundi la umbali, na pointi zake zinaitwa XP. Daraja la kawaida, ndege ya ndani ya nchi ni 2. Ya nje chini ya maili 2,000 ni 5. Kati ya 2,000 na 3,500 ni 8. Mpaka 5,000 ni 10. Zaidi ya hapo ni 12. Daraja la biashara zidisha mara tatu. Mnaona mlango ulipo? Kipande kifupi cha Ulaya cha chini ya saa moja na nusu kinalipa 5, nusu nzima ya kile cha Nairobi mpaka Amsterdam.

Basi tuchore njia ya SkyTeam, daraja la biashara. Nairobi–Amsterdam 30. Amsterdam–Paris 15. Paris–New York 30. New York–Seoul 36. Seoul–Ho Chi Minh 24. Ho Chi Minh–Bangkok 15. Bangkok–Nairobi, ambayo Kenya Airways wanairusha wenyewe, 30. Jumla 180. Ukiziondoa Paris na Ho Chi Minh ungepata 150. Vipande viwili vifupi vimekuletea 30.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia. Jedwali la Flying Blue linasema Silver ni 100, Gold 180, Platinum 300. Mtu anaona 180 yake, anafurahi, anasubiri Gold. Haiji. Ukifika 100 unakuwa Silver, na zile 100 zinakatwa. Unabaki na 80, na sasa unatakiwa uzifikishe 180 ndani ya miezi 12 inayoanzia hapo. Kutoka sifuri mpaka Gold ni 280 kwa jumla. Kwa hiyo safari ile ile humpa anayeanza Silver na akiba ya 80. Yule ambaye tayari ni Silver, hesabu yake ya XP ikiwa sifuri, humpa Gold sawasawa. Anayeanza aipate kwanza Silver kwa safari zake za kawaida, kisha ndio azunguke. Mpangilio huo tu unaokoa pesa nyingi.

Tumemaliza hesabu, tuje kwenye pasipoti. Video nyingi za mambo haya hutengenezwa na wenye pasipoti za Ulaya na Marekani, na wao mara nyingi viza hawahitaji. Kwa pasipoti ya Kenya, njia nzuri kwenye karatasi yaweza kufungwa kwenye kaunta ya kwanza.

Tazameni ile Amsterdam–Paris. Pasipoti ya Kenya haimo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ya wanaotakiwa viza ya kupita uwanjani, ingawa nchi moja moja huongeza masharti yake, kwa hiyo angalia ya nchi unayopitia. Lakini ndege ya Amsterdam kwenda Paris ni safari ya ndani ya Schengen. Kuipanda ni lazima upite uhamiaji Amsterdam, uingie Ulaya, kisha utoke Paris. Huhesabiwi tena kuwa mpita njia. Unahitaji viza kamili ya Schengen kwa ajili ya pointi 15. Kama huna, panda Nairobi–Amsterdam–New York na usamehe hicho kipande. Mwenye kibali cha kuishi nchi ya Schengen hana tatizo hili.

Marekani haina eneo la kupitia bila uhamiaji. Hata ukibadilisha ndege kwa saa mbili tu, unahitaji viza, ya kutembelea au ya kupita. Canada nao wanataka viza ya kupita. Uingereza wanataka viza ya kupita uwanjani kwa Mkenya, ila kuna misamaha, kwa mfano kwa wenye viza halali ya Marekani, na masharti yake yasome neno kwa neno. Australia wana viza ya kupita ya saa 72 isiyo na ada, lakini lazima uiombe kabla. Hong Kong Mkenya huingia bila viza siku 90. Tokyo hapana, ukitaka kutoka uwanjani uwe nayo. Ushauri wangu: viza ya Marekani kwanza, tiketi baadaye. Msiligeuze hili, tafadhalini.

Jingine ni majina, na hili ni letu hasa. Pasipoti inasema Mohamed, akaunti ya klabu inasema Muhammad, tiketi imeandikwa Mohammed. Au bin imewekwa pasipoti na kuachwa kwenye akaunti. Au jina la babu limekuwa la ukoo huku na la katikati kule. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja, na pointi haziingii. Fungua akaunti ukiwa na pasipoti mkononi, nakili herufi kwa herufi, na mpe wakala nakala hiyo hiyo.

Kisha safari ya kutoka nyumbani. Kutoka Manda au Malindi mpaka Nairobi, tiketi yako mara nyingi itakuwa ya peke yake. Mvua ikichelewesha ndege hiyo, shirika la safari kubwa halina wajibu wowote kwako. Na tiketi ya kuzunguka dunia hutumiwa kwa mfuatano: ukikosa kipande cha kwanza bila kuwaarifu, vyote vinavyofuata hufutwa. Laleni Nairobi usiku mmoja kabla. Angalieni pia unatua wapi, kwani ndege nyingi ndogo za Lamu hushuka Wilson, na ndege yako kubwa iko Jomo Kenyatta, uwanja mwingine kabisa, na kati yake kuna foleni ya jiji. Mkirudi, zile kilo za ziada za kadi ya dhahabu haziwafuati mpaka Manda. Ndege ndogo kawaida huruhusu kilo 15, na hilo ni jambo la uzito wa ndege, kadi haisaidii. Mzigo mwingine upelekeni kwa basi au kwa gari la mizigo mpaka Mokowe, kisha uvushwe kwa boti.

Kuhusu London: ukikaa zaidi ya saa 24 kabla ya kuondoka, unatozwa ushuru wa abiria wa Uingereza, na kwa daraja la biashara safari ndefu si mdogo. Ukiunganisha ndani ya saa 24 hutozwi.

Mwisho, pasi za kupandia ndege msizitupe. Kila ukishuka, ipige picha pasi hiyo, pamoja na ile namba ya tiketi ya tarakimu 13. Subiri wiki moja au mbili, fungua akaunti, hakiki kipande kwa kipande. Kisichoingia kidai mwenyewe kwenye tovuti ya klabu, sehemu ya pointi zilizokosekana. Flying Blue hupokea madai kwa miezi 6 tangu siku ya safari, klabu nyingine zina muda wao. Kama una njia umeichora, iandike hapo chini pamoja na herufi ya tiketi na pasipoti unayotumia, nitaipigia hesabu kwenye video ijayo.