Sato Akipanda Juu Alfajiri, Hana Njaa

Mheshimiwa mwenyekiti, wafugaji wenzangu, maafisa ugani, asanteni. Ratiba imenipa mambo sita. Naanza na lile ambalo wengi mmeshalisikia kwangu, na nitalirudia mpaka mlikinai: sato akionekana juu ya maji alfajiri, kinywa wazi, hana njaa. Amekosa oksijeni. Msimwagie chakula.

Kuna mfugaji mmoja wa vizimba vya nyavu huku ziwani alinipigia simu asubuhi akilia. Mzigo ulikuwa umekaribia kuvuliwa, kwa hiyo jioni samaki walilishwa hadi giza likaingia, waongeze kilo. Saa kumi na moja alfajiri kijana wa zamu akawakuta wamejaa juu, akafurahi kwamba wameamka na hamu, akamwaga chakula. Wengi hawakukigusa. Jua lilipopanda, kizimba kilikuwa kimejaa samaki wanaelea, matumbo juu. Nilipofika, watu walishakubaliana kwamba ni sumu, na jirani mwenye vizimba vya upande wa pili alikuwa ametajwa kwa jina. Niliuliza kitu kimoja: waliotangulia kufa ni wakubwa au wadogo? Wakubwa, wakasema. Nikafungua mashavu ya waliokufa, matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia, yamepanuka, vinywa vimeachama. Sumu kwa kawaida haisubiri alfajiri, wala haichagui wakubwa na kuwaacha wadogo. Kukosa oksijeni ndiko hufanya hivyo mara nyingi. Jirani wa watu aliponea chupuchupu kwenda polisi.

Sasa huyo samaki alikuwa amefanya nini usiku kucha kabla kijana hajamwona? Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize.

Ziwa letu la Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yake yenye nyuzi 26, hata yakishiba oksijeni, hubeba takriban miligramu 7 tu kwa lita. Lita moja ya hewa tunayovuta humu ukumbini ina zaidi ya mara 30 ya hiyo. Samaki anaishi na kidogo hicho, na kikipungua mwili wake unajua mapema kuliko sisi. Kwenye matamvua kuna seli zinazohisi oksijeni. Zikipeleka taarifa, samaki anapumua haraka na kwa kina, anapitisha maji mengi zaidi. Na moyo? Wengi husema unaenda mbio. Hapana. Moyo unapunguza mapigo, lakini kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Adrenalini inamwagika. Wengu unajikunja na kutoa seli nyekundu ulizokuwa umeziweka akiba. Hali ikiendelea kwa saa kadhaa, ndani ya seli hizo kemikali za ATP na GTP zinapungua, na kwa hiyo hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inaikamata oksijeni kwa nguvu zaidi.

Yote hayo yanatendeka chini, na wewe ukipita na mtumbwi unaona maji yametulia. Samaki huja juu baadaye, kutafuta lile tabaka jembamba la maji linalogusana na hewa. Kwa hiyo ukimwona juu, ujue njia nyingi ameshazitumia. Inayobaki ni kuvunja glukosi bila oksijeni, na huo ni mkopo wa kausha damu: molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, inampa ATP 2, ambazo ndizo nishati ya seli, badala ya takriban 30, glikojeni ya ini, yaani sukari ya akiba, inakwisha, na asidi inalimbikizana mwilini.

Ndiyo maana chakula cha jioni kinaniumiza kichwa. Kumeng'enya chakula kunaweza kuongeza matumizi ya oksijeni hadi maradufu kwa saa kadhaa. Unamlisha magharibi, anameng'enya usiku, na usiku huohuo mwani nao hauna mwanga wa kufanyia usanisinuru na kuzalisha oksijeni, unaivuta tu.

Najua mtaniambia sato ni mgumu, anavumilia hata chini ya miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Ni kweli, kwa muda mfupi. Lakini kuvumilia si kukua! Akikaa chini ya miligramu 3 hivi, hamu ya kula inapungua na ukuaji unadorora, na chakula mnanunua kwa bei ileile. Halafu sato wa porini akihisi maji mabaya anahama. Wa kwenu mmemzungushia nyavu. Sehemu kubwa ya mwaka ziwa hili hujigawa matabaka, maji ya chini yanaishiwa oksijeni, kisha upepo unayasukuma juu. Kisumu waliyaona Novemba 2022, vizimba vikafa. Uganda mwanzoni mwa 2021 walikufa hasa sangara, tena walio huru, kwa sababu sangara hastahimili upungufu huo kama sato.

Mtasema pia, "Mita ya kupimia oksijeni ni ghali." Linganisheni bei yake na kizimba kimoja kilichokufa, kisha nunueni moja kwa kikundi. Na mpime kabla jua halijachomoza, ndani ya kizimba, juu na chini. Kipimo cha saa nane mchana kinawadanganya, kwa kuwa wakati huo mwani unazalisha. Nyavu zilizoziba zisugueni, maji yapite.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Magonjwa nayataja tu: samaki aliyenusurika kinga yake imeshuka, na bakteria wa jamii ya streptokoka huingia siku zinazofuata. Msimpange kwa ukubwa wala kumsafirisha wiki hiyo, na chakula mkirudishe kidogokidogo. Suala la matamvua kupoteza chumvi anapohema sana naliacha, na ya mabwawa ya kuchimba pia. Nichukue maswali, tuanze na mama pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja jirani.