Safari ya Ombi Ndani ya Phoenix

Habari za jioni, ndugu zangu. Lugha za fanksheni, yaani lugha za kuandikia programu kwa vipande vidogo vinavyopokea data na kurudisha data mpya, ni nyingi. Leo nitashika moja tu, Elixir, pamoja na fremuwaki yake ya wavuti, yaani kiunzi cha kujengea tovuti, Phoenix.

Mtu amebonyeza "lipa". Ndani ya Phoenix ombi lake linaingia likiwa data moja, iitwayo conn. Fanksheni ya kwanza inasoma vidakuzi, ya pili inamtambua mtumiaji, ya tatu inakagua ruhusa, ya mwisho inatoa ukurasa. Kila moja hupokea conn na kurudisha nyingine mpya. Ile ya zamani haiguswi. Kosa likitokea, unafuata mlolongo hatua kwa hatua mpaka unalikuta. Aliyewahi kurithi msimbo wa wenzake anajua thamani ya jambo hilo.

Lakini kinachonivuta zaidi kiko chini yake. Elixir, iliyoanzishwa na José Valim wa Brazili, huendeshwa juu ya mashine pepe (programu inayoendesha programu nyingine) ya Erlang, lugha iliyozaliwa katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu. Simu yako ikikatika, ya jirani isikatike: hilo ndilo lilikuwa sharti. Basi kila kazi ikapewa mchakato wake mdogo wenye kumbukumbu yake, na msimamizi wa kuuwasha upya ukianguka. Phoenix imerithi hayo yote. Ombi la Asha likivurugika, la Juma linaendelea. WhatsApp ilijengwa kwa Erlang, na mwaka 2012 ilieleza kwamba seva yake moja ilibeba miunganisho zaidi ya milioni 2. Mwaka 2015 Chris McCord, muasisi wa Phoenix, na wenzake walifika miunganisho milioni 2 kwa kompyuta moja yenye kore 40, yaani viini 40 vya kuchakata.

Kuna pia LiveView, nyenzo ya Phoenix ya kutengeneza kurasa zinazobadilika papo hapo. Hali ya ukurasa hukaa kwenye seva, kivinjari hupokea kilichobadilika tu, na JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ya kujiandikia hupungua sana. Naipenda, ila bonyezo linalobadilisha hali hiyo husafiri hadi seva ndipo jibu lirudi. Ukiwa Mwanza na seva iko Frankfurt, mtandao ukiyumba mtumiaji atahisi. Fomu ya kujazwa shambani kusiko na mtandao nisingeijenga hivyo kamwe.

Mnaotoka PHP au Java mtasumbuliwa kwanza na orodha isiyobadilishwa: unatengeneza nyingine. Fungueni kompyuta tuliandike hilo sasa hivi.