Ridhaa ya Mtu Asiye na Pa Kwenda

Habari za Tuskegee, ule utafiti wa kaswende wa Marekani, mnazijua, sizirudii zote. Nataka tuitazame barua moja tu.

Kuanzia 1932, madaktari wa serikali ya Marekani waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Macon, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa, waliambiwa wana "damu mbaya". Ikafika siku madaktari wakataka maji ya uti wa mgongo kwa vipimo vyao wenyewe. Wakawaandikia barua kwamba hiyo ni nafasi ya mwisho ya kupata matibabu maalumu ya bure. Matibabu gani? Sindano ndefu mgongoni, kisha mtu anarudi shambani kichwa kinampasuka. Wakaahidiwa na gharama za mazishi, ili jamaa wakubali maiti ipasuliwe. Kufikia 1947 penisilini ilishajulikana kuwa inaponya kaswende. Waliendelea kunyimwa hadi magazeti yalipofichua mambo hayo 1972.

Nasema hili kila mara, na leo nalisema tena: hakuna aliyewafunga kamba. Walikuja wenyewe, wakashukuru, kwa sababu daktari mwingine hawakuwa naye. Ridhaa ya namna hiyo mnaiitaje?

Kuna atakayesema hayo ni ya Marekani. Haya, Robert Koch, daktari Mjerumani aliyewahi kutafiti malaria hapa hapa Dar es Salaam, alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906, akawadunga wagonjwa wa malale atoksili, dawa yenye aseniki. Alipozidisha dozi, wapo waliopofuka. Na Kano, Nigeria, 1996, watoto wenye homa ya uti wa mgongo walijaribiwa dawa mpya katikati ya mlipuko. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa.

Mtaniambia NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ipo, kamati ya maadili ipo. Ipo, na kibali chake nakiheshimu. Lakini kamati haikai kwenye benchi na mgonjwa. Mnaokaa naye ni ninyi wanangu, mnaoshika fomu ya ridhaa ya utafiti. Mama ana mtoto anayechemka homa, foleni ndefu, kurasa kadhaa zinasomwa mbio, halafu: "Mama, weka dole hapa." Kabla ya dole hilo, mwambieni kwamba akikataa, mtoto atatibiwa vilevile, leo hii, na dirisha ni lile lile. Kisha nyamazeni, aulize. Akitaka kwenda kushauriana na mumewe au mama yake, aende.

Nilitaka kugusia sampuli za damu zinazopelekwa nje, nani anazimiliki. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ulizeni maswali.