Kiharusi: hatua kwa hatua kwa muuguzi, tangu mgonjwa anapoingia mlangoni

Karibuni tena wenzangu. Leo tunakaa na mgonjwa wa kiharusi, tangu anapofikishwa mlangoni hadi usiku wake wa kwanza wodini. Weka saa na kalamu karibu, maana kuna mahali nitakuomba usimamishe video ujaribu kwa mikono yako.

Hatua ya kwanza ni swali. Mgeukie aliyemleta, umuulize: "Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?" Usiulize "Imeanza saa ngapi?" Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tuseme mzee alilala saa nne usiku akiwa salama, akaamka saa kumi na mbili asubuhi mdomo umepinda. Mwanaye atakwambia imeanza asubuhi hii, wala hadanganyi, anasema alichokiona. Lakini saa yetu inaanza kuhesabu saa nne usiku, kwa hiyo tayari zimekatika saa 8. Sasa chimba zaidi. Aliamka usiku kwenda msalani? Nani alimsikia? Kama mkewe anakumbuka kwamba saa kumi alfajiri alitembea vizuri na kumjibu vizuri, basi zimepita saa 2 tu, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, bado inawezekana. Umeona swali moja lilivyobadilisha mambo? Andika saa hiyo kwenye faili, andika na namba ya simu ya aliyeshuhudia.

Haraka hii ina sababu. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kwa wastani seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Dakika 10 za kumtafuta mtu wa kusukuma kitanda si dakika 10 tu.

Hatua ya pili: njia ya hewa, upumuaji, mapigo, kisha sukari. Sukari usiiruke hata siku moja. Ikishuka sana inaweza kumlegeza mtu upande mmoja na kumpotezea maneno, ukaapa ni kiharusi. Ikiwa chini ya 3.3 mmol/L, ambayo ni 60 mg/dL, rekebisha kwanza kisha umpime upya. Oksijeni mpe kiwango chake kwenye damu kikishuka chini ya asilimia 94. Akiwa juu ya hapo haimsaidii.

Hatua ya tatu tunampima kwa macho na mikono. Mimi nashika maneno matano: mizani, macho, uso, mkono, maneno. Mizani, je, alipepesuka ghafla? Macho, je, ameacha kuona upande mmoja, au anaona vitu viwili viwili? Uso, mwambie, "Mzee, nioneshe meno." Usimwambie tu acheke, maana mtu aliyeshtuka hawezi kucheka.

Kwenye mkono simamisha video tujaribu pamoja. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, fumba macho, hesabu hadi 10. Mkono dhaifu mara nyingi hauanguki mara moja. Kwanza kiganja huanza kugeuka ndani polepole, kama mtu anayemwaga maji, halafu ndipo mkono wote unashuka. Kile kiganja kugeuka tayari ni dalili. Ukisubiri mkono uanguke utawakosa wagonjwa wenye udhaifu mdogo.

Maneno, mpe sentensi fupi airudie, kwa lugha anayoongea nyumbani. Mtu akishindwa kurudia sentensi ya lugha aliyojifunzia shuleni, hujui kama tatizo ni ubongo au ni lugha.

Dalili zikionekana, piga simu kwa timu ya kiharusi papo hapo, kisha jaza NIHSS. Hiki ni kipimo cha ukali wa kiharusi, chenye vipengele 11, alama kutoka 0 hadi 42. Kanuni yake moja tu ndiyo inayotusumbua: andika alichofanya mgonjwa, si unachodhani angeweza kufanya. Usimsaidie, usimfundishe, usirudi nyuma kubadilisha alama.

Hatua ya nne ni CT skani, yaani picha ya ubongo. Kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, hata ukiwa na uzoefu wa miaka 30. Kwa hiyo usimpe aspirini kabla ya picha. Wakati wa kusubiri, mpime uzito halisi na uweke kanula mbili.

Picha isipoonesha damu na daktari akaidhinisha dawa, presha iwe chini ya 185/110 kabla ya kuanza. Alteplase, mojawapo ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ni 0.9 mg kwa kila kilo, isizidi 90 mg. Mgonjwa wa kilo 70 anapata 63 mg: asilimia 10, yaani 6.3 mg, kwa dakika moja, na 56.7 mg zinazobaki kwa dakika 60. Ukichanganya, zungusha chupa taratibu, usiitikise, itatoa povu. Na hapa sogea karibu na skrini. Unaona mpira huu wa dripu? Chupa imekwisha, lakini dawa bado imejaa ndani ya mpira. Ukiung'oa sasa, umemnyima mgonjwa sehemu ya dozi yake. Unganisha salaini, iende kwa kasi ileile mpaka mpira usafike.

Sehemu nyingi sasa zinatumia tenekteplase badala ya alteplase: 0.25 mg kwa kilo, isizidi 25 mg, sindano moja basi. Ni rahisi zaidi, na kwa sababu hiyohiyo hakikisha dozi mara mbili, ukiwa na mwenzako.

Baada ya dawa, pima presha na hali ya neva kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, halafu kila saa hadi zitimie saa 24. Presha ibaki chini ya 180/105. Akilalamika kichwa kimeanza kuuma vibaya, akitapika, presha ikipanda ghafla au akianza kusinzia, simamisha dripu kama bado inaenda, ita daktari, rudini kwenye CT. Angalia pia ulimi na midomo kama inavimba, hasa kwa anayetumia dawa za presha kama enalaprili au kaptoprili. Hakuna aspirini mpaka saa 24 zipite na picha ya pili isomwe.

Kama ni mshipa mkubwa, kuna njia ya kulivuta bonge la damu kwa katheta. Tangu utafiti wa 2018 baadhi ya wagonjwa wanafaidika hadi saa 24. Kwa hiyo saa 4 na nusu zikipita, simu bado ipigwe. Na kama mshipa umepasuka, kazi inageuka: presha ishushwe mapema na bila kuyumba, kwa kiwango atakachotoa daktari, na dawa za kuzuia damu kuganda zitenguliwe.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kumeza. Nilipokuwa mgeni kazini, ndugu wa mgonjwa mmoja alimpa kikombe cha maji kwa upendo tu, nami nilikuwa palepale nikijaza fomu. Hakukohoa hata kidogo. Siku ya tatu alikuwa na nimonia. Kutokukohoa si usalama. Mketishe wima, awe macho kabisa, mpe kijiko kimoja cha maji, kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa ya majimaji, kama mtu anayeongea na maji kooni, simama hapohapo. Hata kidonge kisiingie mdomoni. Weka kibao kitandani, na uwaeleze ndugu kwa maneno, kwa sababu kibao peke yake hakimzuii mama kumlisha mwanawe.

Mwaka 2011 utafiti wa QASC kutoka Australia ulionesha kwamba wauguzi wakisimamia mambo matatu, yaani homa, sukari na kumeza, wagonjwa wachache zaidi hufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90. Hiyo ni kazi yetu sisi, wala haihitaji mashine ya gharama. Joto likifika 37.5 tibu.

Kumwinua kitandani, taratibu. Utafiti wa AVERT wa 2015 ulionesha kuwa kumtembeza sana ndani ya saa 24 za kwanza kunaweza kumdhuru. Mgeuze, msaidie kukaa, na bega la upande dhaifu lilaze juu ya mto. Usimvute kwa mkono huo hata kwa sekunde moja.

Zamu ikibadilika, usimkabidhi mwenzako namba za NIHSS mezani. Nendeni wote wawili kitandani, mwambie mgonjwa anyooshe mikono, mhesabu pamoja hadi 10, ili usiku kiganja kikianza kugeuka, mwenzako ajue jioni kilikuwaje.