Sindano za buluu zinazogeuka magamba: fuwele za shaba na glisini

Karibuni tena jamani. Vaeni miwani ya maabara, tuanze.

Bika la kwanza: gramu 2 za asetati ya shaba ndani ya mililita 25 za maji ya moto. Koroga, ongeza mililita 25 za ethanoli ya moto. Jiko ni la umeme tu na bika likae kwenye maji ya moto. Ethanoli hushika moto upesi. Bika la pili: gramu 1.5 za glisini (asidi amino, moja ya vijenzi vya protini), maji ya moto mililita 25. Changanya yote mawili yakiwa kwenye nyuzi 70 hivi, halafu weka kwenye barafu.

Subirini, lenzi imeingia mvuke... nafuta. Haya, sogeeni. Mnaziona? Sindano nyembamba, rangi ya anga la asubuhi. Hapa ndipo moyo wangu hutulia. Ndani yake kila shaba imeshikwa na glisini mbili, na kila glisini inashika kama kaa kwa magando mawili: naitrojeni huku, oksijeni kule. Sasa hivi naitrojeni zote mbili ziko upande mmoja.

Chuja, osha kwa ethanoli kidogo. Chukua kijiko kimoja, kianike hewani kwa ajili ya kulinganisha. Usikitie kwenye oveni.

Zilizobaki, kama gramu moja, zinaingia kwenye chupa yenye kondensa (bomba la kupoza mvuke urudi chupani ukiwa maji) pamoja na maji mililita 10. Kumi! Pima kwa silinda, usikadirie kwa macho. Mimi niliwahi kumimina bila kupima, fuwele zote zikayeyuka, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Sindano zinatakiwa ziyeyuke kidogo kidogo, magando yaachie, yashike upya naitrojeni zikiwa zimeelekeana pande mbili za shaba. Umbo hilo jipya ni tulivu zaidi na haliyeyuki kwa urahisi kama lile la kwanza, ndiyo maana linashuka chini lenyewe. Maji yakizidi, hakuna kinachoshuka. Kwa hiyo narudia: mililita 10.

Chemsha taratibu kwa saa moja hivi, ukitikisa chupa mara kwa mara, maana uji mzito kama huu hurukaruka ghafla. Hiyo saa nimeikata kwenye video.

Ona sasa! Chuja ikiwa bado ya moto, osha, kausha. Maji yenye shaba yanaenda kwenye dumu la taka za maabara. Kwenye sinki hapana.

Nasogeza lenzi ya mkono... mkono unatikisika, nauegemeza mezani. Kushoto ni zile sindano tulizoanika. Kulia ni magamba bapa, buluu iliyokolea inayovuta zambarau, yanametameta nikigeuza kioo. Shaba ni ileile ya gramu 2 za mwanzo, na glisini ni ileile.