Koki ya jikoni kwenye RV inapiga mluzi na maji hayana nguvu: anza hapa kabla hujanunua pampu

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Leo nipo jikoni ndani ya RV, yaani gari la kuishi ndani yake kama nyumba, tumeegesha nje kidogo ya San Antonio, Texas, na kabla sijasema chochote naomba msikilize hii sauti... Mmesikia? Ule mluzi mwembamba, halafu chini yake kuna gu-gu-gu-gu kama mtu anagonga ukuta, na maji yenyewe ndo haya, sufuria ya wali unaijaza mpaka mkono unakufa ganzi. Imeanza kidogo kidogo kama wiki mbili sasa. Nikampelekea fundi mmoja wa RV, akasikiliza sekunde chache tu akasema pampu imekufa, dola 300 na kitu pamoja na kuifunga, na hata koki hakuigusa. Hilo liliniuma kwa kweli, kwa sababu huku kuna wenzetu wengi wanakaa kwenye hizi gari wakifuata kazi, wanaambiwa hivyo hivyo na wanalipa.

Sasa tuanze. Kwanza jua kwamba RV ina njia mbili za maji. Moja ni tangi lako mwenyewe, pampu ndogo ya volti 12 inavuta maji humo na kuyasukuma. Nyingine ni mpira unaouchomeka pale nje kwenye bomba la kambi unapoegesha, hapo presha inatoka kwao, pampu haina kazi. Zote mbili zinaingia kwenye mabomba yale yale ya ndani. Kwa hiyo zitumie kuuliza maswali.

Swali la kwanza. Nazima pampu, hii hapa swichi, angalia taa yake ndogo imezimika. Natoka nje nafungua maji ya mpira, narudi nafungua koki... sikiliza. Ile gu-gu-gu imeondoka, lakini mluzi uko palepale na maji ni machache vilevile. Pampu imelala kabisa na tatizo bado lipo! Basi pampu haihusiki. Sasa ile kugonga ilikuwa nini? Pampu hizi zina swichi ya presha, nyingi zinajizima presha ikifika kama 55 psi, hicho ni kipimo cha presha. Mdomo wa koki ukiziba, maji hayatoki kwa kasi, presha inapanda haraka, pampu inajizima, presha inashuka kidogo, inawaka tena, inazima tena, ndo hiyo gu-gu-gu. Pampu nzima ikisukumia mlango uliofungwa italia tu.

Swali la pili, nenda bafuni ufungue koki ya kule. Ya kwangu inatoka vizuri, haina kelele. Ingekuwa na kule ni dhaifu, nisingehangaika na koki ya jikoni, ningekwenda nje pale mpira unapoingia kwenye gari, ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu, kinabeba mchanga balaa, na ningeitazama na reguleta ya presha, kile kifaa cha kupunguza presha ya kambi, zile ndogo za shaba za bei rahisi zinabana sana maji. Usiitoe ukaacha mpira mtupu lakini, kambi nyingine zina presha ya kupasua mabomba yako. Na kama udhaifu unatokea ukitumia pampu tu, angalia kale kakikombe kenye wavu kabla ya pampu, kanafunguka kwa mkono.

Swali la tatu, moto na baridi. Yangu zote mbili ni dhaifu sawasawa, maana yake tatizo liko mbele, pale yalipokwisha kuchanganyika. Ingekuwa moto peke yake, ningeenda kwenye hita kuangalia zile valvu zinazogeuzwa majira ya baridi ili maji yasipite kwenye hita, mara nyingi mtu anasahau moja katikati.

Haya, kazi. Zima pampu, funga maji nje, halafu fungua koki presha itoke. Weka kitambaa kwenye tundu la sinki, tafadhali usiruke hii, vitu tunavyotoa ni vidogo na vikiingia humo umevipoteza. Koki yangu ni ya kuvuta, ina kichwa na mpira wake. Nakifungua kichwa kwa mkono, kikigoma tumia plaizi lakini kifungie kitambaa, kromu inachubuka. Angalia vizuri pale vinapokutana, kuna rabawasha na kuna kavalvu kadogo kanakozuia maji yasirudi, piga picha kwa simu ujue kipi kilitangulia.

Kabla ya kusafisha chochote naushusha mpira mtupu kwenye ndoo, nafungua maji taratibu... ona hiyo! Nguvu, na kimya. Tatizo liko ndani ya kichwa. Yaache yakimbie nusu dakika yatoe uchafu. Kama kwako bado ni dhaifu hata bila kichwa, ingia chini ya sinki uangalie kama mpira umejikunja nyuma ya vyombo, halafu ndo uje kwenye katriji ya koki, kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji.

Sogeeni muone hiki kichujio cha ndani ya kichwa. Huu ukoko mweupe ni chokaa, maji ya San Antonio yanatoka kwenye miamba ya chokaa chini ya ardhi, aliyekulia Unguja anaujua, ni ule ule wa kwenye birika la chai. Na hiki kilichojikunja kama kucha iliyokatwa, ni kipande chembamba cha plastiki, wakitoboa matangi na kukata mabomba kiwandani vinabaki humo na vinakuja kutoka baadaye. Kilikaa kwenye tundu nusu nusu, maji yakipita yanakitetemesha, ndo mluzi wenyewe huo. Kitu hiki ndo dola 300.

Nakiloweka kwenye siki nyeupe, saa moja inatosha, usilaze usiku kucha maana siki inakula kromu. Baada ya hapo mswaki wa zamani, na kijiti cha meno kwenye tundu moja moja, sindano hapana, inayapanua. Humu ndani mtaona pia kasahani kenye tundu dogo kanakopunguza maji, watu wengi wanakatoa wapate maji mengi. Mimi nakaacha. Tangi la maji machafu likijaa ukiwa porini huna pa kumwaga, na kwenye RV kila galoni unaihesabu.

Kurudisha, kavalvu kwanza, mshale uelekee maji yanakokwenda, rabawasha, kichwa, kaza kwa mkono tu. Thredi tepu, ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, haihitajiki hapa, raba ndo inayoziba, ukikaza na plaizi plastiki inapasuka.

Sasa kipimo, dumu la galoni moja na saa ya simu. Kabla sijakifungua kichwa lilichukua dakika 1 na sekunde 22. Twende... sekunde 34. Koki nyingi za jikoni siku hizi zinatoa galoni 1.8 kwa dakika, ni kama sekunde 33, kwa hiyo tumefika. Nafunga maji ya mpira wa nje nawasha pampu, sikilizeni, inaunguruma mfululizo, haigongi tena. Kale kamngurumo kengine ni bomba linagusa mbao ya kabati, nitalivalisha kipande cha sponji. Na hapa chini ya maungio nimetandika tishu kavu, nitaiangalia asubuhi kama ina tone lolote.